Vijana wanamwona daktari wa meno siku ya kung'oa tu: tuanzie wapi hapa Malindi?

MwanaMuyeye aliuliza:

Assalaam alaikum, na habari zenu nyote. Kikundi chetu ni cha vijana wa miaka 18 hadi 29: madereva wa tuktuk, vibarua wa hoteli, wachuuzi wa ufuoni, na wachache wa mashamba ya chumvi kule Gongoni. Kwenye kikao tuligusia habari ya meno, ikadhihirika kwamba wengi hawajawahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno, na waliowahi, karibu wote walikwenda kung'oa. Mfuko wa chama una akiba kidogo ya afya na hatutaki kuitupa. Naomba wajuzi mnisaidie.

Jino lililotoboka na haliumi lina haraka yoyote? Je, ni umaskini tu unaowaweka vijana mbali na kliniki? Nauliza kwa sababu hata wanaopata pesa nzuri wakati wa msimu hawaendi. Halafu kuna wanaotushauri tuandae kambi ya meno ya siku moja mtaani. Ifanyike au tuiache? Na dawa za dukani, zipi zina maana?

KitiChaMeno alijibu:

Waalaikum salaam. Nianze na hilo tundu, maana hapo ndipo meno yanapopotea.

Tundu lisilouma ndilo la kukimbilia. Kuoza kukiwa bado kwenye ganda la nje hakuumi, kwa sababu ganda halina hisia. Hapo jino huzibwa kwa ziara moja, mara nyingine bila hata sindano ya ganzi. Kukipenya tabaka la pili, maji baridi au kipande cha halua huchoma kidogo kisha maumivu huacha baada ya sekunde chache, bado linazibika. Kukifika kwenye kiini chenye mishipa, maumivu hudumu dakika nyingi, huja bila sababu, na humwamsha mtu saa nane za usiku. Sasa zimebaki njia mbili: kutibu mzizi, kazi ambayo kwa gego huchukua ziara mbili au tatu pamoja na eksirei na baadaye kofia ya jino, au kung'oa. Kibarua huchagua kung'oa, na simlaumu.

Mtego uko hapa: baada ya siku kadhaa za kukesha, maumivu hukatika ghafla. Watu husema mdudu amekufa. Kilichokufa ni mshipa wa jino. Usaha huendelea kujikusanya kwenye ncha ya mzizi kimyakimya, kisha siku moja huonekana kijipu kwenye ufizi kinachotoa majimaji yenye ladha mbaya, au shavu linavimba. Kwa hiyo mkiuliza "nani jino linamuuma?" mtawakosa wagonjwa wenyewe. Ulizeni "nani liliwahi kumuuma likaacha?"

Ukaguzi mnaweza kuufanya wenyewe, wawili wawili, dakika tatu kwa mtu. Mnahitaji tochi ya simu na kijiko safi cha kusogezea shavu, kila mtu na chake. Anzeni na gego la kwanza la chini, kushoto na kulia. Ni jino la sita ukihesabu kutoka katikati. Huota mtoto akiwa na miaka kama sita, hivyo limekaa na sukari kuliko magego mengine yote, na watu wengi hulichukulia kuwa la utotoni, kwamba litaota jingine. Halioti jingine. Likishang'olewa, la nyuma yake huinama kuja mbele na la juu hushuka kufuata pengo, chakula kinaanza kukwama mahali ambapo hakikuwa kikikwama.

Mkiona mstari mweupe kama chaki karibu na ufizi, huo ni mwanzo, na dawa ya meno yenye floraidi inaweza kuurudisha nyuma. Mfereji mweusi juu ya gego unaonasa chakula, au tundu lenyewe: mtu aende ndani ya wiki chache. Kijipu cha ufizi: aende wiki hiyo hiyo hata kama haumwi. Kidonda au doa jeupe lisilofutika kwa zaidi ya wiki mbili: aende, na asingoje limuume.

Kuna jambo moja la umri huu hasa. Magego ya mwisho huota kati ya miaka 17 na 25, na mara nyingi la chini hukwama nusu likiwa limefunikwa na ufizi. Chakula huingia chini ya ufizi ule, hapo huvimba, mdomo haufunguki vizuri, na harufu huwa mbaya. Hilo halina "mdudu" wala halijaoza. Husafishwa chini ya ufizi kwa maji ya chumvi au dawa ya kusukutua, na likirudia rudia ndipo huamuliwa kung'olewa.

Uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuka, kumeza kukawa shida, au homa ikapanda, mtu asisubiri kliniki ya meno ifunguliwe asubuhi. Apelekwe idara ya dharura usiku ule ule. Uvimbe wa namna hiyo huziba njia ya hewa.

HesabuZaAfya alijibu:

Kuhusu umaskini: ndiyo, ila hufanya kazi yake mapema kuliko tunavyodhani.

Kule Dunedin, New Zealand, kuna utafiti unaofuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Walipofika miaka 26, waliokulia katika nyumba zenye hali duni walikuwa na meno mengi zaidi yaliyooza na fizi mbovu zaidi kuliko wenzao. Kinachouma ni hiki: hata wale waliokuwa wamepanda ngazi kimaisha ukubwani, athari ile haikufutika. Matokeo yalichapishwa 2002. Na hiyo ni nchi ambako meno ya mtoto hutibiwa bila malipo mpaka anapofikisha miaka 18. Baada ya hapo hujilipia mwenyewe. Basi kijana wako wa tuktuk mwenye pesa leo amebeba kinywa alichokipata akiwa na miaka saba, na tabia aliyoiona nyumbani: kwa daktari wa meno huendwa kung'oa.

Lakini pia tazama jinsi huduma zetu zilivyopangwa. Mtoto ana kliniki ya mama na mtoto, mwanafunzi hufikiwa shuleni, mzee ana kliniki ya sukari na presha. Kijana wa miaka 22 asiye mjamzito wala mgonjwa hana mlango wake. Hakuna anayemuuliza habari ya meno mpaka avimbe shavu.

Halafu kuna msimu, jambo ambalo wageni wa Malindi hawalioni. Watalii wakijaa, Julai mpaka Septemba na tena Desemba kuendelea, pesa ipo lakini siku haipo. Kukosa zamu moja ni kumpa mwingine nafasi yako. Mvua za masika zikishika, siku zipo tele na mfukoni hamna kitu. Pesa na nafasi havikutani. Chama chenu kinaweza kuvikutanisha: chukueni michango wakati wa msimu, mpange ziara za meno Mei na Juni. Hilo peke yake litawafaa kuliko mahubiri ya kupiga mswaki.

Pigeni hesabu ya ziara nzima, msitazame ada ya jino tu. Tuseme kibarua hupata shilingi 600 kwa siku. Ziara moja inakula siku hiyo, nauli ya kwenda na kurudi, kadi ya hospitali, eksirei ikihitajika, na dawa. Ziara tatu za kutibu mzizi ni mara tatu ya hayo yote hata kama daktari mwenyewe angekuwa bure. Mfuko ukilipia siku iliyopotea na nauli, mtu atakwenda. Ukilipia ada pekee, wengine watabaki nyumbani na mtashangaa.

SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Asiye na mwajiri hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, hesabu ya mwaka ikiwa 3,600. Kwa mtu wa kipato cha msimu, kuitoa kwa mkupuo ni mzigo, kwa hiyo chama kiweke kidogo kidogo kwa niaba yao. Ila mtu asidhani kadi inafungua kila kitu cha meno. Aulize dirishani kabla ya kukaa kitini, tena kwa jina la huduma: kuziba, kung'oa, kusafisha ukoga, kutibu mzizi, eksirei. Ukiuliza "meno yanalipiwa?" utajibiwa "ndiyo" kisha utadaiwa.

Na aibu isisahauliwe. Mwenye jino jeusi la mbele hujifunika mdomo akicheka, na kwenye hoteli ndiye anayepangiwa dobi badala ya mapokezi. Akifika kliniki akaulizwa kwa ukali "ulikuwa wapi siku zote?", ndiyo ziara yake ya mwisho. Mtu wa chama akimsindikiza mara ya kwanza, husaidia sana.

RafuYaDawa alijibu:

Upande wa duka nitajibu mimi.

Amoksilini haitulizi jino. Maumivu ya kiini hutoka ndani ya jino ambamo dawa ya kuua vijidudu haifiki vya kutosha, na hata usaha ukishatokea, dawa bila kuondoa chanzo ni kuahirisha tu. Hutolewa pale uvimbe unapoenea au kuna homa, na anayeiandika ni mhudumu aliyeuona mdomo. Vidonge vitatu vya kuuziwa kwenye karatasi ni hasara mara mbili: pesa imekwenda na vijidudu vimezoea.

Ya maumivu: mtu mzima anaweza kutumia parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita, asizidi gramu 4 kwa siku. Au aibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya chakula. Mbili hizi zinaweza kutumika pamoja na hushinda kutumia moja. Aibuprofeni haimfai mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Aspirini kuibandika kwenye ufizi, tafadhali msifanye. Huunguza nyama mpaka ikawa nyeupe. Mafuta ya karafuu yanatuliza kwa muda, tone moja kwenye pamba likae ndani ya tundu, lisitapakae ufizini, maana nayo huunguza.

Dawa ya meno: pindueni boksi msome. Tafuteni maneno ya floraidi na namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Nyingine za mitishamba hazina floraidi kabisa, na bei yake huwa juu. Kwa gramu 1 kila mara, mara mbili kwa siku, mrija wa gramu 100 hutosha siku 50, kwa hiyo mtu mmoja anahitaji kama mirija saba kwa mwaka. Mkinunua kwa katoni mtapata nafuu. Na mkimaliza kupiga mswaki, temeni povu, msisukutue kwa maji mengi. Floraidi ibaki mdomoni, hasa usiku.

MwanaAmu alijibu:

Ndugu zangu wa Malindi mna barabara. Niongeze ya huku visiwani Lamu (Amu kwetu), kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji wako Faza na Kizingitini, kisiwani Pate.

Mtu wa Pate anayekuja hospitali ya King Fahd mjini Amu huja kwa boti, na boti hufuata maji. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, hupitika maji yakijaa. Kujaa kwa maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo miadi ya "wiki ijayo saa hii hii" humkuta mtu maji yamekupwa. Siku saba zimeshageuza kujaa kuwa kupwa. Ombeni miadi ya siku 14, maji yatakuwa yamerudi karibu na saa ile ile. Jino linalotibiwa mzizi hukaa na kizibo cha muda kwa wiki mbili bila taabu kikiwa kimefungwa vizuri. Na mtu akishonwa ufizi, aombe uzi unaoyeyuka, asirudi Amu siku ya saba kutolewa nyuzi mbili. Wakati wa kusi kali, ongezeni siku ya kulala mjini katika hesabu yenu.

Kwa aliye mbali, baada ya kung'oa ndipo mambo huharibika. Aume pamba au shashi kwa dakika 30 bila kuifungua kuchungulia. Siku ile nzima asisukutue, asiteme teme mate, asivute sigara, asinyonye juisi kwa mrija. Lile donge la damu ndilo bandeji ya tundu. Likitoka, siku ya tatu hivi huja maumivu makali kuliko ya jino lenyewe, yanapanda mpaka sikioni, na harufu mbaya. Hapo hakuna tembe ya kutosha. Arudi tundu lioshwe na kuwekwa dawa. Baada ya saa 24 ndipo aanze maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, taratibu, baada ya kila chakula.

Kuhusu mswaki wa mti: ni mzuri, hasa nje ya meno. Hufika kwa tabu upande wa ulimi na nyuma ya magego, na floraidi yake haitoshi kushindana na chai ya sukari nyingi. Kateni ncha iliyochoka kama sentimita moja, mtafune mpya mpaka nyuzi ziwe laini. Nyuzi kavu huchubua fizi. Mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi na mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu, yaani haupendezi, kwa aliyefunga, pigeni na dawa ya meno baada ya daku kabla ya alfajiri, na tena kabla ya kulala. Usiku wa Ramadhani ndio wenye kaimati na tende na juisi mpaka saa saba, na meno huoza kwa idadi ya mara unazokula sukari kuliko kwa uzito wake. Mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kusawazisha asidi kila unapoonja. Anayefyonza mabuyu ya rangi kutwa nzima hayapi mate nafasi. Miadi ya kuziba, wekeni Shaaban, mwezi kabla ya Ramadhani.

MwanaMuyeye aliandika:

Nawashukuru mno. Mambo mawili yamebaki: wale wanaotafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na wanachama wetu wawili walio kwenye methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye heroini. Na kambi hamjanijibu.

KitiChaMeno alijibu:

Muguka hukausha mate, na kinywa kikavu huoza upesi. Kibaya zaidi ni vile viambata vyake: soda, pipi na bazoka za sukari, saa tano mfululizo, kisha mtu analala bila kupiga mswaki. Wabadilishe soda kwa maji na pipi kwa njugu. Hilo watalikubali kabla hawajakubali kuacha. Waangalie shavu la upande wanaoweka bunda. Doa jeupe lisilofutika ni lile nililotaja mwanzo. Siku ya kwenda kliniki wasitafune tangu usiku wa jana, na kama wametafuna waseme. Muguka hupandisha mapigo ya moyo na sindano nyingi za ganzi zina adrenalini. Tambuu yenye popoo ni hatari nyingine, popoo husababisha saratani ya kinywa hata bila tumbaku.

Wa methadoni wana shida yao. Heroini ilikuwa ikificha maumivu kwa miaka; wakitulia kwenye tiba, meno yote huanza kuuma kwa pamoja na wao hudhani methadoni imeyaharibu. Yalishaharibika. Hata hivyo dawa yenyewe hukausha mate. Wasukutue kwa maji wakishaimeza, wangoje nusu saa kabla ya mswaki. Wamwambie daktari wa meno wako kwenye tiba hiyo, asiwaandikie tramadoli bila kuzungumza na kliniki yao. Kliniki ya methadoni Malindi iko tangu 2015 na wao hufika kila siku, kwa hiyo ndiyo mahali pepesi pa kuwaombea rufaa ya meno.

Kambi: siipendi, na nitasema kwa nini. Siku moja, foleni ndefu, kazi ya haraka ni kung'oa, na mtarudi kule kule mlikokataa. Lakini kama itafanyika, ulizeni maswali haya kabla ya kukubali. Wahudumu wana leseni ya mwaka huu? Hiyo hutazamwa kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, na maafisa wa afya ya kinywa wafanye yaliyo ndani ya kibali chao. Wamebeba seti ngapi za vyombo? Otoklevu, ule mtambo wa mvuke, hupika kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3, lakini kupasha, kukausha na kupoza hufanya mzunguko mmoja uwe karibu saa nzima. Wenye seti 10 na foleni ya watu 60 wanahitaji mizunguko mitano katikati ya kazi. Wakisema wanaloweka tu kwenye dawa, funga mazungumzo. Sindano zilizotumika zinakwenda wapi? Na atakayevuja damu usiku atampigia nani?

Kambi inayofaa ni ya kuziba bila mashine: uozo unakwanguliwa kwa chombo cha mkono na tundu linajazwa glasi ayonoma, saruji inayotoa floraidi. Haihitaji umeme, dakika 20 hivi kwa jino. Kwa mashimo yasiyozibika leo kuna floraidi yenye madini ya fedha, tone moja husimamisha uozo, ila hugeuza tundu kuwa jeusi daima. Usikubali ipakwe jino la mbele kabla mwenyewe hajaelezwa. Vyote viwili viliingizwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye orodha ya dawa muhimu 2021, kwa hiyo si majaribio.

HesabuZaAfya aliandika:

Mimi ningegawa mfuko hivi: kwanza dawa ya meno ya katoni kwa wote, kisha nauli na fidia ya siku kwa wale watakaokutwa na mashimo yanayozibika. Wenye kijipu cha ufizi watangulie kwenye foleni, lakini wasimalize pesa zote. Meno mawili yaliyokufa yanaweza kula fungu la mashimo kumi madogo.

MwanaMuyeye aliandika:

Sawa, tumeacha kambi. Ukaguzi wa tochi tutaufanya kikao kijacho, na wa kwanza tutawapeleka Mei, wanne wanne.

KitiChaMeno alijibu:

Wanne ni sawa. Epukeni Jumatatu, waliokesha na meno tangu Ijumaa wote hujazana siku hiyo. Wafike mapema, wawe wamekula, kwa sababu wanaozimia kitini mara nyingi ni wale waliokuja na njaa. Na kila mmoja aandike kwenye karatasi dawa anazotumia na kama ana pumu, kisukari au mzio wa penisilini.